Vifo Vitatu vya Injinia

Injinia alikuwa ameahidi kufa kwa ajili ya watu watatu, kila mmoja kwa siri yake, na wote watatu walikuwa wamemshukuru kwa dhati!

Kabla hamjamwonea huruma, mjue kwanza kwamba Injinia hakuwa injinia. Alikuwa fundi rangi wa majumba. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku aliponunua penseli ya kuchomeka sikioni, na kwa kuwa penseli ilimkaa vizuri, watu wakaona haya kumnyang'anya. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, hana mke wala mtoto. Ukimuuliza sababu, alijibu kwamba hajampata anayemfaa. Waliomfaa walikuwa wamegundua mapema wakakimbilia kwingine.

Mambo yalianzia kwenye jengo la ghorofa nne ambalo Injinia na wenzake walikuwa wakilipaka rangi nje na ndani. Asubuhi moja mkandarasi alitangaza kwamba amewakatia mafundi wote bima ya ajali. Msidhani alikuwa ameota huruma. Mwenye jengo alikuwa amemwambia waziwazi, hakuna bima, hakuna kazi.

Akaja wakala wa bima, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, akasimama katikati ya ndoo za rangi huku ameshika pindo la sketi yake lisiguse kitu.

"Bima hii ni ya mambo mawili tu," alisema. "Kufa kwa ajali, na kupoteza kiungo kwa ajali. Ugonjwa haumo. Uzee haumo. Ulevi haumo. Na kujiumiza mwenyewe kwa makusudi hakumo kabisa."

Akawaonyesha jedwali. Mkono mmoja, nusu ya malipo. Mguu mmoja, nusu. Jicho moja, nusu. Ukipoteza viwili vyovyote kati ya hivyo, unalipwa yote. Kidole gumba na cha shahada vya mkono huohuo, robo.

Injinia aliinua mikono yake akaikagua mbele na nyuma. Miaka yote hiyo alikuwa akiitumia kukwangulia rangi, kumbe!

"Ngoja kwanza," alisema. "Nina mikono miwili, miguu miwili, macho mawili. Nusu mara sita. Yaani mimi nilivyosimama hapa ni watu watatu!"

"Hapana, bwana. Hatulipi zaidi ya malipo yote. Ukishapoteza viwili, umemaliza."

"Na vinne vinavyobaki?"

"Hivyo unabaki navyo."

"Bure?"

"Bure."

Injinia alitikisa kichwa. Aliona huo ni wizi wa mchana kweupe.

"Na kichwa je?" akauliza. "Sioni kichwa hapa."

"Kichwa kikikatika, bwana, tunahesabu kwamba umefariki."

"Yaani kichwa hakina bei yake peke yake?"

Mwenzake wa ngazi, fundi mmoja mfupi waliyemwita Kimya kwa sababu maneno yake kwa siku hayakujaza kiganja, akageuka.

"Inategemea kichwa cha nani," alisema, akarudi kwenye msasa wake.

Wakala aliendelea kwa upole uleule. Kupoteza, alisema, maana yake ni kiungo kukatika kabisa na kuachana na mwili, kuanzia kwenye kifundo kwenda juu. Kuvunjika hakumo. Kuteguka hakumo. Kuvimba hakumo. Akawagawia kijitabu cha kurasa sita. Kimya alikisoma chote wakati wa mapumziko, mara mbili. Injinia alisoma jedwali peke yake, kwa kuwa lilikuwa na namba, na msomi wa kiwango chake hapotezi muda na maneno.

Halafu zikaja fomu. Mafundi wakachuchumaa, wakaandika majina yao, miaka yao, na mstari wa mwisho ulioandikwa: Jina la mnufaika.

"Mnufaika ndiyo mdudu gani?" aliuliza Injinia.

"Ni mtu atakayelipwa wewe ukifariki," alisema wakala.

"Kiasi gani?"

Wakala akamtajia. Kilikuwa kiasi cha kununua nyumba ndogo, na chenji ya mapazia ikabaki!

Injinia akachomoa penseli sikioni na kuduwaa nayo. Wenzake waliandika wake zao na watoto wao bila kufikiri, wakasimama. Yeye aliendelea kuchuchumaa mpaka magoti yakalia. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, mdogo wake. Alipomfikiria dada yake amekaa kwenye sebule ya nyumba ile ndogo, amefungua mapazia, anakunywa chai, na yeye yuko chini ya udongo, moyo ulimuuma kweli. Chai yenyewe ingekuwa yake! Akafikiria watu wengine wote aliowajua, na kila mmoja alimwona amekaa kwenye sebule ileile, na kila mmoja alimkera. Mwishowe akaandika haraka, akaikunja fomu mara nne, akaikabidhi.

"Umemwandika nani?" aliuliza Kimya.

"Mtu ninayemwamini."

Kimya akaifuata fomu kwa macho. Katika miaka kumi na moja ya kupanda ngazi pamoja, hakuwahi kusikia kwamba mtu huyo yupo.

*

Sasa tazameni akili ya Injinia inavyofanya kazi. Jioni ileile alipitia kwa dada yake, fundi cherehani, kupeleka nguo zake za kufuliwa kama kawaida. Dada alikuwa amechoka. Mbele yake kulikuwa na sare ishirini za shule zisizo na vifungo.

"Kaka, leo nikuambie ukweli," alisema. "Kuanzia mwezi ujao utafua mwenyewe. Mikono unayo."

"Ninayo, ndiyo. Mmoja ni nusu ya malipo," alisema Injinia, akakaa bila kukaribishwa. "Nami nilikuja kukuambia jambo, lakini kama umeshanichoka, basi."

"Jambo gani?"

"Nimekatiwa bima. Nikianguka kule juu nikafa, kuna mtu atalipwa hela ya nyumba. Nimekuandika wewe."

Dada aliacha kukanyaga cherehani. Machozi yalimtoka, machozi ya kweli, na hata Injinia aliona aibu kidogo, lakini haikukaa.

"Mimi sitaki nyumba," alisema dada. "Nakutaka wewe. Hizo ngazi zenu ni nzima kweli?"

"Ngazi ni ngazi. Usimwambie mtu, lakini. Watu wana husuda."

Kuanzia siku hiyo nguo za Injinia zilifuliwa, zikapigwa pasi, hadi ovaroli la kazi! Alipanda jukwaa la kupakia rangi na suruali yenye mstari wa pasi mkali kuliko wa mkandarasi mwenyewe.

Jambo likimwendea mtu vizuri mara moja, hukosi kumwona akilirudia. Wiki iliyofuata, Mwenye Nyumba, mama mmoja wa miwani aliyempangisha Injinia chumba cha nyuma kinachopakana na choo, alimwita akamwambia kwamba anakihitaji chumba hicho. Shemeji yake anakuja.

"Sawa, mama," alisema Injinia kwa huzuni kubwa. "Nilikuwa nimekuandika kwenye bima yangu, lakini nadhani itabidi nibadilishe anwani."

"Bima gani, baba?" Ndani ya sekunde moja alikuwa amepanda kutoka mpangaji hadi baba.

Injinia akaeleza. Akaeleza urefu wa jukwaa. Akaeleza utelezi wa rangi ya mafuta. Akaeleza kwamba hana mke, hana mtoto, na kwamba katika dunia hii ni Mwenye Nyumba peke yake aliyewahi kumtendea utu. Kufikia jioni alikuwa amehamishiwa chumba cha mbele, chenye madirisha mawili na feni. Shemeji mtu alipofika, akapewa kile cha choo.

Wa tatu alikuwa Mama Upawa, mwenye mgahawa wa karibu na jengo, aliyeitwa hivyo kwa sababu upawa haukumtoka mkononi hata akisalimiana. Kwa miaka mingi alikuwa akimpakulia Injinia maharage ya juu juu na maji ya nyama. Injinia alipomnong'oneza habari ya bima, upawa ulizama hadi chini kabisa ya sufuria. Ukarudi na vipande vitatu!

"Kula, kaka yangu," alisema Mama Upawa. "Mtu wa kazi yako hapaswi kupanda na njaa."

Basi Injinia akaishi. Alifuliwa, akalala penye upepo, akala nyama kila siku. Akaanza kuwasikitikia matajiri wanaohangaika na biashara. Yeye mtaji wake ulikuwa kufa, na alikuwa hajautumia hata kidogo.

*

Tatizo la kumwahidi mtu kifo chako ni kwamba anaanza kukisubiri.

Mwenye Nyumba, ambaye kwa miaka saba hakuwahi kuuliza Injinia anafanya kazi wapi, sasa alimsindikiza hadi mlangoni kila asubuhi.

"Leo mnapaka ghorofa ya ngapi, baba?"

"Ya pili, mama."

"Ya pili tu?" Uso ulimshuka. "Na kesho?"

"Kesho ya tatu."

"Haya, angalau."

Siku za mvua alimwamsha mapema zaidi asichelewe kazini. Kwa dada ilikuwa kinyume, na ilikuwa mbaya zaidi. Dada alikosa usingizi. Upepo ukivuma, aliacha cherehani akatoka nje kutazama miti inavyoyumba. Alimshonea kaka yake mkanda mnene wa kujifunga jukwaani, wenye nyuzi mara tatu, na Injinia aliutumia kufungia ndoo.

"Utamwambia lini?" Kimya alimuuliza siku moja, maana mambo ya jukwaani hayafichiki.

"Nimwambie nini, nani?"

"Yeyote."

"Wewe paka rangi," alisema Injinia.

Lakini aliyemwia vigumu kuliko wote ni Mama Upawa. Yule mama alikuwa mfanyabiashara. Mwezi wa kwanza alitoa vipande vitatu. Mwezi wa pili, vitatu. Mwezi wa tatu, viwili. Na mchana mmoja wa mwezi wa nne Injinia akatazama ndani ya sahani yake, akasogeza maharage huku na huku na kijiko, akaona hakuna mtu nyumbani.

"Mama, nyama imesahau kuja."

Mama Upawa akaweka mkono kiunoni. Ule wa upawa.

"Mwezi wa nne huu, Injinia."

"Wa nne wa nini?"

"Wa kupanda na kushuka. Unapanda asubuhi, jioni umeshuka, tena kwa miguu yako. Hebu niambie ukweli, hiyo kazi yenu ina hatari au ni maneno tu?"

Wateja waliacha kutafuna. Injinia alihisi damu inampanda. Kuambiwa muongo angevumilia, alikuwa ameshazoea. Lakini nyama! Akaona mbele yake miaka yote ya maharage iliyobaki.

"Ati ni maneno?" alisema, akasimama. "Unaniambia mimi ni maneno? Leteni kiti!"

Akavuta kiti cha plastiki, kile cha pembeni ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa na waya, akapanda juu yake. Mgahawa mzima ukamtazama. Tangu azaliwe hakuwahi kupata hadhira nzuri namna ile.

"Tuseme hapa ni ghorofa ya nne," alianza, mkono mmoja hewani. "Mimi niko hivi, nafuata kona na brashi. Ubao una rangi iliyomwagika. Mkono huu nimeunyoosha, sina pa kushika. Sasa! Mguu wa kulia unarudi nyuma hivi, unakanyaga ile rangi…"

Mguu wa kulia ukarudi nyuma hivi. Haukukanyaga rangi. Haukukanyaga kitu chochote, kwa kuwa kiti kilikuwa kimeishia.

Fundi aliyepanda majengo kwa miaka ishirini na sita bila kuchubuka akaanguka kutoka kimo cha mtoto wa chekechea! Mfupa wa chini ya goti ukalia *ka!* Wateja wakapiga makofi. Mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akaomba arudie, kwani hakuona vizuri mwisho.

*

Kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa, Injinia alikuwa kitandani wodini, mguu umepigwa plasta kutoka kidoleni hadi pajani. Mwenye Nyumba ndiye aliyetangulia, na chombo cha chakula kifuani. Akamvuta nesi kando.

"Niambie ukweli, mwanangu. Hali yake ikoje?"

"Nzuri. Hana hatari yoyote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Mwenye Nyumba akaketi polepole, akaomba maji.

Kisha akaingia Mama Upawa na chombo chake, na bado jasho la jiko lilikuwa usoni. Alikuwa na wasiwasi. Maana kama mtu ameangukia mgahawani kwako, je, bima inakulipa au inakudai? Nyuma yake akaingia dada, mbio, na chombo cha tatu, macho mekundu.

"Samahanini, akina mama," alisema dada, akijipenyeza. "Mnipishe. Mimi ndiye mhusika."

"Mhusika ni mimi," alisema Mwenye Nyumba. "Ameniambia kwa mdomo wake."

"Mhusika wa nini?" aliuliza Mama Upawa, na upawa haukuwepo lakini mkono uliushika vilevile. "Aliyeandikwa ni mimi!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza shingo, hata yule aliyekatazwa kugeuza shingo. Injinia akafumba macho na kuanza kukoroma.

"Kaka," alisema dada. "Nakujua unavyokoroma. Si hivyo. Fumbua macho."

Akafumbua moja. Na kama kuna mtu alifurahi kuona wakala wa bima duniani, ni Injinia dakika hiyo! Wakala alikuwa anaingia mlangoni, ameshika faili, Kimya fundi rangi anamfuata nyuma.

"Pole sana, bwana," alisema wakala. "Nimeletewa taarifa ya ajali. Naomba nione mguu."

Akainua pembe ya shuka kwa adabu, akatazama, akashusha.

"Upo," alisema, akaandika.

"Upo, lakini umevunjika mara mbili!" alilia Injinia. "Mara mbili, mama yangu! Si ni nusu na nusu?"

"Umevunjika, ndiyo, na nakupa pole. Lakini upo. Bima yako ni ya mguu usiokuwepo."

"Kwa hiyo mnanilipa nini?"

"Kwa huo? Hakuna. Halafu nina swali dogo kuhusu ajali yenyewe. Imeandikwa hapa kwamba ulipanda juu ya kiti cha plastiki ili uwaonyeshe watu jinsi utakavyoanguka. Ni kweli?"

"Ni kweli, lakini…"

"Na ukaanguka."

"Nilikuwa naigiza!"

"Mashahidi kumi na wanne wanasema ulitangaza kabla." Wakala aliandika tena. "Hata ungekatika, bwana, tungekuwa na mazungumzo marefu."

Wanawake watatu hawakusikiliza habari za mguu. Mguu haukuwa wao.

"Binti," alisema Mwenye Nyumba, akiweka miwani vizuri, "hilo tutalijadili siku nyingine. Sasa hivi tutajie jina moja tu. Nani ameandikwa?"

"Siwezi, mama. Hiyo ni siri ya mwenye bima."

"Mmesikia?" Injinia alipata nguvu ghafla, akajiinua kwenye mto. "Siri! Sheria hairuhusu! Ningependa kuwaambia, ndugu zangu, Mungu ananiona, lakini sheria ni sheria."

"Ila fomu yako imerudishwa na ofisi kuu," wakala aliendelea kwa upole uleule, akichomoa karatasi yenye mikunjo minne na kuiweka kitandani. "Kuna kosa. Inabidi uijaze upya."

Akageuka kutafuta kalamu kwenye mkoba. Ilimchukua kama sekunde tano. Mwenye Nyumba alihitaji mbili tu.

"Jina la mnufaika," alisoma kwa sauti iliyofika wodi ya pili. "*Mimi mwenyewe.*"

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Uhusiano na mwenye bima: *Tunaelewana sana.*"

"Hapo ndipo ofisi ilipokwama," alisema wakala. "Bwana, sisi hatukatai kukulipa. Lakini ukishafariki, tukuletee wapi?"

Mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyeshonwa tumbo jana yake, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, ikabidi nesi aje kumshika.

"Nilitaka zikae salama," alisema Injinia kwa sauti ndogo. "Kila niliyemfikiria niliona atazitumia."

"Ulitaka zitumiwe na nani, baba?" aliuliza Mwenye Nyumba. "Mchwa?"

Ukweli ukamwagika wodini. Mama Upawa alitaja vipande vya nyama, mwezi kwa mwezi. Mwenye Nyumba alitaja feni, madirisha mawili, na shemeji anayelala chooni. Wakatazamana. Walipokuja walikuwa tayari kung'oana nywele, na sasa mmoja alimshika mwenzake mkono.

"Pole, dada," Mwenye Nyumba alimwambia Mama Upawa.

"Pole na wewe, mama. Sikujua tuko wengi."

Dada wa Injinia hakutaja kitu. Alisimama karibu na kitanda, chombo cha chakula bado mikononi, na Injinia ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Dada, lete kalamu! Nakuandika wewe sasa hivi, mbele ya mashahidi. Jina lako lote, hadi la babu!"

"Usiniandike, kaka," alisema dada. "Mimi nilikuwa silali. Upepo ukivuma nakuona uko chini, umekufa. Nilishona ule mkanda na macho yamevimba. Sikutaka hela yako, na ulijua kabisa. Ungenidanganya kitu kingine chochote."

Injinia akavuta shuka hadi kidevuni. Aliumia, na hakukuwa na jedwali lililoandika mahali alipoumia.

Dada akachukua chombo chake, wenzake wakachukua vyao, wakatoka watatu pamoja. Wakaketi kwenye benchi chini ya dirisha la wodi, wakafungua vyombo vyote vitatu, wakaanza kuonjeshana. Harufu ya nyama iliingia dirishani bila kubisha hodi.

"Huu mchuzi umeuungaje, mama?" ilisikika sauti ya dada.

"Njoo kesho nikuonyeshe, mwanangu," alijibu Mama Upawa. "Sahani nyingi zilizokustahili wewe zimeliwa na mtu mwingine."

Kimya fundi rangi alikuwa bado amesimama miguuni pa kitanda. Injinia akamtazama kwa matumaini.

"Ndugu yangu," alisema, "si unajua mimi nawe tumetoka mbali?"

"Najua," alisema Kimya. Akafikiri kidogo. "Jengo lina kona saba zilizobaki. Sasa ni zangu peke yangu." Akamgusa bega, akamsindikiza wakala nje.

Wodi ikatulia. Saa ya kutazama wagonjwa ikaisha. Nesi akaja na karatasi nyingine mkononi, ya rangi ya waridi.

"Daktari anasema unaweza kwenda nyumbani leo. Kitanda kinahitajika. Lakini hatumruhusu mtu mwenye plasta kama hiyo kuondoka peke yake. Jaza hapo: jina la atakayekuchukua na kukuangalia kwa wiki nane."

Injinia akaishika karatasi. Akatazama dirishani, benchi lilikuwa tupu. Akatazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Akawafikiria wote aliowajua, mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyemkera hata kidogo. Angemkubali yeyote. Angemkubali hata yule shemeji wa chooni! Akakaa na kalamu mpaka nesi akaanza kugonga sakafu na kiatu.

Mwishowe akaandika, akaikunja, akampa.

Nesi akaikunjua, akasoma, akalinganisha na jina lililobandikwa kitandani.

"Huyu si ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Injinia.

"Haya," alisema nesi, akiweka karatasi mfukoni. "Mpigie simu aje haraka. Na mwambie asije mikono mitupu, alete magongo."